Mwanarusi Alivyomjibu Bi Pilar

Mambo yetu yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe 14 Mei mwaka wa 1970, saa tatu asubuhi, mbele ya duka la Mselem. Binti yangu Mwanarusi aliulizwa swali dogo kwa Kihispania. Alilijibu sawasawa, bila kukosea neno hata moja, na jibu lile nusura limuue mdogo wake, Athmani.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Mwanarusi alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliamka alfajiri, akateka maji, akawasha moto, akateleka chai. Kazi hizo zilikuwa zake tangu mama yake, Mishi, alipofariki. Mishi alishikwa na uchungu wa kumzaa Athmani, tukambeba kwa kitanda hadi barabarani, tukakaa kutwa nzima tukingoja gari. Gari halikuja. Zahanati tuliyoahidiwa wakati wa uhuru ilikuwa bado ni msingi wa mawe, na mbuzi walikuwa wakilala juu yake. Mimi nilikuwa nikishona makuti ya kuezekea hoteli za Diani, basi najua jinsi nyumba inavyoweza kujengwa upesi wakubwa wakitaka.

Kijiji chetu kiko kusini ya mto Ramisi. Kila Alhamisi alikuwa akipita muuguzi mmoja Mhispania, jina lake Bi Pilar, akitibu watu kutoka nyuma ya Landrova yake. Alikuja nchini mwezi wa Januari. Kiswahili chake kilikuwa maneno kumi tu: lala, kunywa, pole, wapi maumivu, na mengine kama hayo. Dereva wake, Kitsao, ndiye aliyekuwa mkalimani wake.

Nyumba yetu iko karibu na barabara, kwa hiyo adhuhuri Bi Pilar alikuwa akipumzika kwetu. Hapo ndipo Mwanarusi alipojifunza Kihispania. Hakuwa na daftari wala kitabu. Akimkaribisha maji, alifundishwa "agua". Akipakua wali, aliambiwa "arroz". Wakikaa mkekani kula, sisi tulisema bismillahi, na Bi Pilar akasema "que aproveche", maana yake chakula kiwanufaishe. Naye alifundishwa kukuna nazi, akajikuna vidole, Athmani akacheka hadi akaanguka. Siku moja alikaanga mayai na viazi pamoja, pande moja nene kama mkate, akamwuliza Mwanarusi kama anataka zaidi. Mwanarusi akasema hapana, kwa adabu, akingoja kubembelezwa. Bi Pilar akaondoa sahani.

"Baba, huyu hajui kubembeleza mtu!" Mwanarusi aliniambia baadaye, na njaa yake.

Tulicheka, tukasahau. Kumbe lile lilikuwa somo, nasi hatukulishika.

Sasa nirudi kwenye siku ile. Athmani, mwenye miaka minne, alikuwa akitapika na kuharisha tangu Jumanne. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umefurika na kukata njia. Shule nayo ilikuwa imefungwa juma hilo kwa sababu paa lilikuwa likivuja na hakuna mkubwa aliyeleta mabati. Tumaini letu lilikuwa Bi Pilar, ambaye alikuwa amelala upande wetu wa mto.

"Mwanarusi," nikamwambia, "kimbia dukani kwa Mselem. Bi Pilar akifika, mwambie Athmani ni mgonjwa sana, aje mara moja. Mimi nitakaa na mtoto."

"Haya, baba," akasema, akatoka mbio kwenye mvua.

Landrova ilifika, lakini Bi Pilar alikuwa peke yake. Kitsao alikuwa amechukuliwa na wakubwa wa ofisi yao akamwendeshe mkubwa mmoja aliyekuja kutembea. Kwa hiyo Bi Pilar aliendesha mwenyewe, mbio mbio, avuke njia ya Kibuyuni kabla maji hayajajaa. Alisimama kununua kiberiti tu.

"Buenos días, Bi Pilar," Mwanarusi akamsalimu.

"Buenos días, guapa!" akajibu Bi Pilar, yaani asubuhi njema, mrembo, akambusu mashavu yote mawili kama ilivyo desturi ya kwao. Kisha akauliza habari: baba hajambo? Athmani hajambo?

Mwanarusi akajibu kama alivyolelewa. "Bien, gracias. Todos bien." Yaani wote wazima, ahsante.

Wewe unayesoma, ikiwa ni mtoto wa pwani, unajua alichokuwa akifanya. Kwetu mtu akikuuliza habari, hata kama nyumbani kuna maiti, kwanza unasema njema. Mnaulizana habari za kwako, za watoto, za jirani. Zote njema, wote wazima. Ndipo unavuta pumzi na kusema: "Ila..." Hapo ndipo yanapotoka yaliyokuleta. Mwanarusi alikuwa amevuta pumzi.

Bi Pilar hakungoja ila. Alisikia wote wazima, akafurahi, akapanda gari, akaondoka. Mwanarusi aliikimbilia Landrova matopeni akipiga kelele, hadi ilipopotea kwenye kona ya minazi.

Alirudi nyumbani amelowa chapachapa. Nikamwuliza, "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Amesema nini?"

Mwanarusi akatazama chini. "Amesema... amesema atarudi baadaye kidogo."

Nami nikaamini. Nikakaa nikingoja, nikimpa Athmani maji kwa kijiko, naye akiyatapika. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Kila nilipouliza, Mwanarusi alisema, "Yuaja, baba." Kufika saa nane macho ya mtoto yalikuwa yamezama ndani, midomo imekauka, analia bila machozi.

Chiku, rafiki yake Mwanarusi, akapiga hodi akiwa na muhogo aliotumwa na mama yake.

"Shikamoo, mzee Seifu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Chiku akaanza kumtania mwenzake. "We Mwanarusi, bingwa wa Kihispania! Leo nimekuona pale dukani unakimbiza gari kama kuku aliyekosa mtama. Kwani mzungu wa watu ulimtaka nini, naye hata hakugeuka?"

Nikamtazama binti yangu.

"Mwanarusi, Bi Pilar amesema atarudi, au hakusema?"

Akaanza kulia. "Hakusema, baba. Nilimwambia sote wazima. Nilikuwa namsalimu tu! Nilitaka kumaliza salamu kwanza nimwambie, akaondoka. Nikaogopa utasema nimemwua Athmani."

Sitaficha: mkono wangu uliinuka. Lakini mkono haumtibu mtoto. Nikaenda kwa Mselem, akanipa baiskeli kabla sijamaliza kueleza. "Chukua, bwana Seifu. Tutasemezana ukirudi." Nikamfunga Athmani mgongoni kwa kanga ya mama yake, nikampandisha Mwanarusi nyuma amshike, tukaingia njia ya Kibuyuni. Ilikuwa maili tano. Penye tope tulishuka tukasukuma. Penye maji Mwanarusi alitangulia akipima kina kwa miguu yake.

"Baba, amelala," alisema mara moja njiani.

"Msemeshe asilale," nikamwambia. Akamsemesha njia nzima, kwa Kiswahili, kwa Kidigo, hata kwa Kihispania.

Tulimkuta Bi Pilar barazani kwenye nyumba ya watu, anafunga mizigo yake aondoke. Alipomwona Mwanarusi akatabasamu, akafungua mikono. Mwanarusi hakwenda kubusiwa. Hakusema buenos días.

"Athmani está mal," akasema kwa sauti kubwa. "Muy mal. Tres días." Mgonjwa, mgonjwa sana, siku tatu. Maneno mengine hakuyajua, basi akaonyesha kwa mikono jinsi anavyotapika na jinsi anavyoharisha. Watu wengine wakacheka. Yeye hakujali.

Bi Pilar aliufunua mdomo wa mtoto, akaibana ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili, na tabasamu likafutika usoni mwake. Akatundika chupa ya maji kwenye msumari wa ukutani, akamwingiza sindano mshipani. Mwanarusi aliushika mpira wa kupitishia maji usijikunje, akakaa hivyo hadi magharibi. Chupa ya pili ilipofika nusu, Athmani akafumbua macho, akasema ana njaa. Mwanarusi akalia tena, safari hii bila kujificha.

Asubuhi yake Bi Pilar akamwuliza Mwanarusi, polepole, kwa nini alisema bien. Mwanarusi akajieleza kwa maneno machache aliyokuwa nayo: kwetu kwanza njema, kisha habari yenyewe. Bi Pilar akasema kwamba kwao mtu akisema ni mzima, basi ni mzima, na watu huenda zao. Akasema na yeye ana kosa: miezi minne amekula kwetu na hajajifunza kungoja.

Nami nikamwambia binti yangu mbele ya Bi Pilar, nikimtaka amtafsirie atakayoyaweza.

"Mwanangu, salamu zetu ni nzuri, usiziache. Lakini ukijifunza lugha ya mtu, usichukue maneno peke yake. Jua na namna yeye anavyoyasikia. Na penye ugonjwa, sema ugonjwa kwanza. Hilo la dukani halikuwa kosa lako peke yako, sisi ndio tuliokulea hivyo. Kosa lako ni lile la nyumbani. Salamu ilitupotezea gari. Uongo ulitupotezea saa tano, na Athmani hakuwa na saa tano za kupoteza. Ukikosea, sema hapo hapo. Nitafoka, lakini nitachukua baiskeli."

"Sitarudia, baba," akasema. Na hajarudia.

Mwezi wa Julai kukawa na baraza ya hadhara. Diwani alikuja na viti vyake, akatueleza maendeleo. Bi Pilar aliomba kusema, na Kitsao hakuwapo, basi Mwanarusi, aliyefundishwa maneno hayo na Bi Pilar juma zima, akasimama kando yake, mbele ya wazee na wakubwa, akatafsiri sentensi baada ya sentensi. Hakutanguliza njema.

"Bi Pilar anasema mkataba wake unakwisha Disemba, naye atarudi kwao. Anasema hajasikia kama kuna mwingine anayekuja. Anauliza: yeye akiondoka, mgonjwa wenu mtampeleka kwa nani?"

Diwani akatazama saa yake. Akasema hilo ni swali zuri sana, akamwita wa kufuata.

Mwanarusi hakukaa. Alidhani labda hakusikika vizuri, basi akalirudia kwa sauti zaidi, na mara hii Bi Pilar hakuwa amesema neno.

"Mgonjwa wetu tutampeleka kwa nani?"