Kitabu Kimoja, Saini Mbili

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, na sekretarieti ya Rachid, kibanda chake cha fotokopi pale karibu na soko la Gitega, ilikuwa imejaa watu mpaka nje. Ilikuwa wiki ya kuandikisha watoto shuleni, kila mzazi anataka fotokopi. Chumba hakikuwa na dirisha, watu wakaanza kuvutana makaratasi gizani.

"Kitambulisho yangu iko wapi?"

"Usinikanyage, mama!"

Rachid aligawa bahasha kwa kupapasa. Kila mtu akachukua alichopewa, akaondoka.

Zuena binti Athumani alifungua ya kwake alipofika nyumbani. Alikuwa amepeleka michoro ya maua ya kutarizi. Badala ya maua akakuta picha tatu za kalamu nyeusi: mwanamke amejitwika mlango kichwani, mlango mzima wa mbao na bawaba zake, anapanda kilima, na watoto wanne wanamfuata. Alizitazama mpaka chai ikapoa.

Kesho yake akarudi kwa Rachid. Kijana mrefu alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, shati jeupe lenye mikunjo ya pasi, viatu vimejaa udongo mwekundu, na maua ya Zuena ameyashika mkononi.

"Dada, nadhani haya ni yako. Nimelazimika kulala mjini kwa ajili yake."

Zuena akacheka. "Yoo! Unasema kama redio. We ni Mtanzania?"

"Mrundi wa Butihinda, kule Muyinga. Nimekulia kambini Tanzania. Naitwa Moses."

"Mi Zuena. Picha yako nimezitazama, usikasirike. Lakini hii watu yako iko inafungua midomo, haisemi kitu. Ni mabubu?"

Moses akazitazama picha zake kama anaziona mara ya kwanza. "Maneno yananishinda," akakiri. "Huyu ni mama yangu, siku tuliporudi nyumbani. Wewe ungempa maneno gani?"

Zuena akasokota ncha ya ushungi wake wa kijani. "Aseme hivi: 'Nyumba tutajenga, mlango nakuja nao.'"

Moses akampisha nafasi kwenye benchi. Kisha akaenda kununua soda mbili.

Ndivyo ilivyoanza. Kazi ya Zuena ilikuwa kutarizi vitambaa vya makochi kwa maharusi, na kila bibi harusi alitaka neno lake juu ya kitambaa: karibu mgeni, subira ina heri, wivu wa nini. Kwa hiyo alizoea kutia maneno makubwa mahali padogo. Kila baada ya wiki mbili Moses alipanda basi la Muyinga na kurasa mpya, wakakaa kwenye benchi lile, yeye anaeleza, Zuena anawapa watu wa picha la kusema na kuliandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa wino mweusi. Wiki zile za katikati ilikuwa simu.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Na we, umechora?"

"Nimechora macho yako."

"Toa macho yangu kwa kitabu ya mama yako, sha! Atasema nimemloga."

Mama yake Zuena alikuwa amekufa, kaka zake wako Bujumbura, na baba, Mzee Athumani, alishinda dukani kwake akiuza vitenge. Nyumbani ilikuwa sindano na ukuta. Jioni ikifika, sauti ile ya Butihinda ndiyo ilikuwa mgeni wake, na Zuena alikuwa na desturi ya kuoga na kujifunga kitenge safi kabla simu haijalia, kana kwamba Moses anamwona.

Baada ya mwaka na nusu kitabu kikaisha. Moses akakipeleka Dar es Salaam, mchapishaji mmoja akakipenda.

"Ntaiona lini?" Zuena akauliza kwenye simu.

"Kitafika, mpenzi."

Hakikufika. Zuena alizunguka Gitega nzima, kila anayeuza daftari na vitabu alimuuliza, kila mmoja akatikisa kichwa. Na Moses, kila akiulizwa, alikumbuka ghafla kwamba simu yake haina chaji.

Aliyekileta ni shangazi yake Zuena, Salima, ambaye huvuka mpaka pale Kobero kwenda kununua sahani Tanzania. "Nimeona mtoto anasoma, nikasema na we unapenda picha," shangazi akasema, akakitoa katikati ya sahani.

*Mlango wa Mama.* Chini yake: Kimeandikwa na kuchorwa na Moses Kasiano.

Zuena akakaa chini sakafuni. Maneno yote yalikuwa yake. Lakini mkono wake ulikuwa umefutwa, mahali pake zimewekwa herufi za mashine, zimenyooka kama meno ya kitana. Akatafuta jina lake ukurasa kwa ukurasa, hata kwa maandishi madogo. Mwishoni palikuwa na shukrani: kwa Mungu, kwa kwaya ya Butihinda, kwa mjomba aliyempa Moses baiskeli. Zuena hakuwamo.

Hakulia wala hakupiga simu kutukana. Simu ya Moses ilipolia jioni ile aliiacha iite juu ya kitambaa alichokuwa anatarizi. Ikaita siku kumi na mbili, kisha ikachoka. Na kibaya zaidi, hakuwa na mtu wa kumwambia. Angeanzaje kumweleza baba kwamba amenyang'anywa kitabu alichotengeneza na mwanamume ambaye baba hajawahi hata kumsikia?

Miezi minne ikapita hivyo. Alitarizi "subira ina heri" mara tisa.

Siku moja ya Alhamisi alipita kwa Rachid, akamkuta Moses kwenye benchi. Amekonda. Shati halikupigwa pasi.

"Zuena."

"Shikamoo, mwandishi."

"Usinitanie."

"Nani anatania? Si iko imeandikwa pale juu?"

Moses akafuta uso kwa kiganja. "Niliogopa. Jina lako kando ya jina langu, linapita sokoni mbele ya kila mtu! Wewe binti wa msikitini, mimi mtoto wa shemasi. Watu wangesema nini? Baba yako angekufanyaje? Nilitaka kukulinda."

"Kunilinda na jina yangu?"

Zuena akakaa upande wa pili wa benchi.

"Na kitabu yenyewe? Hata moja ya kunionyesha?"

"Niliona aibu. Na kukiuza huku siruhusiwi. Haki niliyowapa wa Dar ni ya Tanzania peke yake, inaishia mpakani."

"Mama yako alipita Kobero na mlango mzima kichwani. Leo amekuwa karatasi, wanamrudisha?"

"Kila nchi na sheria yake, Zuena." Akatoa bahasha ndani ya koti. "Mchapishaji wa Bruseli anakitaka kwa Kifaransa, akiuze Ulaya na huku Burundi. Nilimtumia kurasa zetu za kwanza, zenye mkono wako. Mwanasheria wao akaniuliza: huu mwandiko ni wa nani? Nikasema kweli. Akaniambia kwao aliyetia maneno ni mwandishi kama aliyechora, na kazi ya wawili haitoki kwa saini ya mmoja. Na kwao haki ya mwandishi kutajwa kwa jina haiuziki, hata mwenyewe akitaka."

"Kumbe ni mwanasheria amekuleta."

"Si yeye. Ni moyo."

"Miezi minne moyo ilikosa basi?"

"Nilipiga simu!"

"Simu haina miguu, Moses."

Rachid, ambaye alikuwa anajifanya kufuta mashine yake, akaingia ndani polepole. Moses akasogea karibu. Harufu yake ilikuwa ile ile, ya wino na sabuni ya kufulia.

"Basi tuoane," Moses akasema. "Nitakwenda kwa mzee, nitakaa chini, mambo ya dini tutazungumza. Nakupenda, unajua. Tukishaoana hata jalada halina shida tena, hakuna atakayesema neno. Tutaandika: Moses Kasiano na mkewe."

Mwaka na nusu Zuena alikuwa amelingoja neno hilo. Alilijua lingekuja na sauti gani, na yeye angevaa nini. Sasa limekuja kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

"Na mkewe," akarudia.

"Ndiyo, mpenzi."

"Unaniomba unioe, ao unaniomba jina yangu iondoke?"

Zuena akanyoosha mkono.

"Nipe karatasi," Zuena akasema. "Ntatia saini, Rachid ataituma huko Bruseli. We panda basi, urudi Muyinga."

"Hujanisamehe."

"Nimekusamehe zamani. Lakini naogopa mwanaume mwenye anajua kunificha vizuri hivi."

Alimwangalia akivuka barabara kati ya baiskeli za ndizi, mgongo wake mrefu, mpaka ukapotea upande wa stendi. Hakumwita. Kisha akashika njia ya dukani kwa baba yake.

Mzee Athumani alikuwa anapima kitenge cha manjano. Zuena akamngoja mteja aondoke, akaweka mezani mkataba na kile kitabu cha Dar, akamweleza yote ya kazi: picha, maneno, Dar, Bruseli. Mzee akavaa miwani, akasoma mkataba kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Hii 'Zuena Athumani' itaandikwa juu kabisa?"

"Juu kabisa, baba. Kando ya jina ya huyo Moses."

"Na mi niko ndani yake."

"Uko ndani."

Mzee akacheka mpaka miwani ikashuka. "Basi nafika Bulaya bila viza!"

Akafungua kitabu, akafika kwa yule mama kilimani. Akasoma kwa sauti ya chini: "Nyumba tutajenga, mlango nakuja nao." Akamtazama binti yake. "Ni we umesema hii?"

"Ni mi."

"Mama yako angesema hivi hivi."

Akamsogezea kalamu. Zuena akainama juu ya meza, akaanza kuandika jina lake taratibu, na baba akaendelea kufunua kurasa, anazitazama picha moja moja.

"Huyu kijana anapenda watu," akasema. "Mwenye kuchora mama yake namna hii, angekuja hapa siku yoyote, ningemtolea kiti."

Zuena akamalizia herufi ya mwisho. Akafunika kalamu.

"Hakuja, baba."