Zamu ya Baiskeli

Haya yalimpata dada yangu, tumbo moja. Sehemu kubwa alinisimulia mwenyewe, amekaa kwenye cherehani yake bila kushona. Sehemu ya mwisho niliiona kwa macho yangu, na ndiyo inayoninyima usingizi.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Mtaa mzima ulimwita Spoku, kwa kazi yake na kwa wembamba wake. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: upande huu matairi ukutani, upande ule cherehani ya dada, katikati harufu ya gundi na mafuta ya cheni. Wakipata siku ya mapumziko, hawakai. Wanapanda milima. Panapopitika, kwa baiskeli. Pasipopitika, kwa miguu. Chai kwenye chupa, mkate kwenye mkoba. Mimi niliwaona kama watu waliokosa shughuli.

"Shemeji, wewe endelea kulala," Spoku aliniambia asubuhi hiyo akijaza upepo. "Tukirudi tutakusimulia dunia ilivyo."

Waliondoka jua likiwa changa, kila mmoja na baiskeli yake, wakafuata barabara ya zamani inayovuka mlima. Malori siku hizi hupita barabara mpya ya bondeni, kwa hiyo ile ya juu imebaki na ndege, majani na upepo. Chini kabisa, karibu na kambi ya mafundi wa barabara, gurudumu la dada likatumbukia shimoni. Rimu ikapinda. Spoku akalizungusha, akalitazama likiyumba, akatikisa kichwa.

"Hili ni la karakana."

"Basi turudi."

"Turudi na mlima ule pale unatutazama? Tutapokezana, bibie. Kama zamani."

Zamani, walipokuwa wachumba, walikuwa na baiskeli moja tu, na hivi ndivyo walivyosafiri. Mmoja anatangulia na baiskeli hadi kwenye jiwe la kilomita. Anaiegemeza hapo, anaendelea kwa miguu. Mwenzake anakuja akitembea, anaikuta, anapanda, anampita aliye mbele, anaiacha kwenye jiwe linalofuata. Basi, zamu kwa zamu, wote wanafika na wote wamepumzika. Wana kimo kimoja, kwa hiyo hakuna wa kusumbuka na kiti. Sharti lao lilikuwa moja: ukimpita mwenzako, umguse. Dada alikuwa akimpiga kofi la mgongo. Spoku alikuwa akivuta ncha ya kitambaa chake cha kichwani, chekundu, na kukimbia kama mwizi wa kuku.

Baiskeli mbovu wakaiacha kambini. Wakaanza kupanda.

Dada anasema hajawahi kuona asubuhi nzuri kama ile. Bonde lilifunguka chini yao, kijani juu ya kijani, mto ukimetameta kama uzi wa fedha. Kofi. Kitambaa. Kofi. Kitambaa. "Kazana, mzee!" "Mzee ni baba yako!" Hivyo hivyo hadi karibu na kileleni.

Hapo ukungu ukashuka.

Haukuja taratibu. Dada alifumba macho kuyafuta jasho, akayafumbua, barabara haipo. Akaendelea kutembea akifuata ukingo wa lami. Akafika kwenye jiwe, akaikuta baiskeli imeegemezwa vizuri. Lakini kiti kilikuwa kimeshushwa. Kimeshushwa hadi mwisho, kama cha mtoto.

Akacheka. Utani wa Spoku huo. Akatoa spana kwenye mkoba mdogo chini ya kiti, akakipandisha, akapanda. Mbele kidogo akaona mtu anatembea ukunguni. Akampiga kofi.

Mkono ulitua chini kuliko alivyozoea. Na mgongo ulikuwa umelowa.

"Kazana, mzee!" akasema. Akapita.

Akaiacha baiskeli kwenye jiwe linalofuata, akatembea. Baada ya muda akasikia kengele nyuma yake. Spoku akatokea, anahema, anatabasamu, akakivuta kitambaa.

"Umenipita bila kunigusa. Umenuna?"

"Nimekupiga kofi."

"Umempiga nani? Nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu, ukapita mbio. Nimekuita weee. Na hiki kiti, mbona unakishusha hivi? Magoti yananigonga kidevu."

"Sijakishusha mimi! Spoku, simama. Twende pamoja."

Lakini mlima pale ulikuwa mkali, na mpandaji akisimama, kuanza tena ni taabu. "Tuonane jiweni!" akasema. Ukungu ukamfunga.

Dada akakimbia. Alipofika jiweni baiskeli ilikuwepo. Spoku hakuwepo. Kiti kilikuwa chini.

Fikiria hali yake. Akiikokota baiskeli, mumewe anazidi kwenda mbali. Akiipanda, anaweza kumpita tena bila kujua. Akapanda, kiti hivyo hivyo kilivyo, akipiga kengele mfululizo, akiita jina la utani, kisha jina lenyewe.

Akaona mtu mbele.

Alikuwa mwanamke. Kimo chake kilifika begani kwa dada. Mgongoni alikuwa na mkoba. Kichwani alikuwa na kitambaa chekundu.

Dada akapeleka mkono kichwani pake. Chake kipo.

Hakugusa mtu. Alipita kwa mbali, macho mbele, akikanyaga hadi miguu ikawaka moto. Alijua yule hageuki. Alijua pia kwamba akigeuka, atajiona.

Kwenye jiwe lililofuata hakuiacha baiskeli. Aliketi chini, akaikumbatia kwa mikono yote miwili, fremu kifuani, usukani begani. Mumewe yuko mbele au nyuma? Hakujua. Baiskeli ni hii moja, akajiambia. Bila hii hakuna zamu. Spoku atafika tu hapa.

Ndipo akaisikia sauti yake. Mbele, si mbali, ya mtu aliyefurahi.

"Ahaa, umefika! Mbona leo mwepesi hivyo? Nilikuwa nakungojea. Baiskeli hii hapa."

Dada akaikaza ile aliyoishika. Chuma baridi. Ipo.

"Panda wewe, umechoka," Spoku akasema.

Na sauti ya dada yangu ikamjibu, hukohuko mbele. "Panda wewe tu, mume wangu. Ni zamu yako."

Dada alipiga kelele. Aliita kwa pumzi yote aliyopewa. "Spoku! Niko huku! Usipande! Baiskeli ninayo mimi!"

Spoku akacheka.

"Umesikia huo mwangwi? Mlima unakuigiza."

"Nimesikia," ile sauti ikasema. "Twende."

Kengele ikalia. Matairi yakaserereka juu ya lami iliyolowa. Dada alikimbia na baiskeli mkononi, akaanguka, akainuka, akakimbia tena. Sauti hazikusogea karibu. Hazikusogea mbali. Zilitaniana tu. Kazana, mzee. Mzee ni baba yako. Kisha zikazimika, kana kwamba mtu amefunga mlango.

Ukungu ukaondoka kama ulivyokuja. Ilikuwa bado mchana. Barabara yote ikaonekana hadi bondeni, kona juu ya kona. Hapakuwa na mtu.

Nilipata habari jioni. Usiku ule mvua ilinyesha, ikakatika alfajiri. Asubuhi tukapanda na gari la mafundi wa barabara: dada, mimi, na msimamizi wao, mtu mnene asiyependa maneno. Dada alikuwa na magoti yaliyochubuka na hakulia hata kidogo.

Kupita kileleni lami inakwisha, unaanza udongo mwekundu. Mvua ilikuwa imeufuta, umelala laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Msimamizi akasimamisha gari.

"Huku juu hajapita mtu leo," akanong'ona. "Kambi iko njiani. Tungemwona."

Juu ya udongo ule, ulioloweshwa usiku na kukauka nusu asubuhi, kulikuwa na alama ya tairi la baiskeli. Kando yake kulikuwa na nyayo. Kutoka jiwe hadi jiwe, viatu vya Spoku. Mwenyewe alikuwa amevitia soli ya tairi kuukuu, nisingeweza kukosea. Kutoka jiwe hilo hadi lingine, miguu mitupu. Kisha viatu. Kisha miguu mitupu. Zamu kwa zamu, kuteremka mlima wote, na chini zikageuka, zikaanza kupanda tena.

Tulizifuata kwa miguu. Mwanzoni ile miguu mitupu ilikuwa midogo, ya mtoto. Kila zamu iliongezeka kidogo. Nilitaka kumwambia dada asitazame. Lakini alikuwa ameshatangulia.

Alama zilikoma jiweni, pale lami inapoanza. Mguu wa mwisho ulikuwa wa mtu mzima. Dada akavua kiatu, na kabla sijamzuia akaukanyaga. Ulimtosha. Kisigino kwa kisigino, hadi kidole cha mwisho kilichopinda tangu utotoni.

Akautoa mguu, akatazama juu kuelekea kileleni.

"Hajui," akaninong'oneza. "Anadhani yuko na mimi."

Nyuma yetu msimamizi alikuwa ameanza kurudi garini, kinyumenyume. Nilitazama chini. Kwenye wayo uliotangulia, ambao dada hakuukanyaga, maji yalikuwa bado yanachuruzika kuingia, kana kwamba mguu umeinuliwa sasa hivi.