Ndevu za Marehemu Vosper

Magharibi ile ukungu na moshi wa viwanda ulikuwa umeufunika mji wa Bradford, hata taa za barabarani zilionekana kama macho ya mgonjwa. Edgar Thripp alinunua samaki wa kukaanga na viazi, akala akitembea, kisha akaingia ukumbi wa maigizo kwa mlango wa nyuma. Aliwatangulia wenzake makusudi. Alitaka kubandika ndevu zake za bandia kwa utulivu.

Tangu ujana Edgar alikuwa mtu wa pembeni jukwaani. Leo mtumishi wa kufungua mlango, kesho mchimba kaburi, keshokutwa kasisi kiziwi. Watu walimcheka, wakaenda zao, wasijue hata jina lake. Sasa, mvi zimeshamwingia, ndiyo kwanza amepewa sehemu kubwa: Jaji Mkongwe.

Aliipata kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka.

Bi Hester, mtunza mavazi, alikuwa akipiga pasi joho la jaji.

"Bado unaing'ang'ania tu?" aliuliza bila kugeuka.

"Bado."

"Vosper alifia ndani ya joho hili akimwigiza jaji huyuhuyu, palepale jukwaani. Aliyemrithi alipotewa na sauti. Aliyefuata mpaka leo huongea kwa kuandika kwa chaki. Hayo si mafua, Edgar."

"Bi Hester, nimesema 'Chai tayari, bwana' mpaka ulimi umeota sugu. Akiitaka sauti yangu, na aje tung'ang'aniane."

"Usimwite, wewe!"

Alilitundika joho haraka, akatoka.

Edgar akaketi mbele ya kioo. Akapaka gundi kidevuni, akazishika zile ndevu. Zilikuwa za Vosper mwenyewe; kampuni ya maigizo haikuona haja ya kutengeneza nyingine.

Harufu ikaja. Mshumaa uliozimwa... jasho la zamani...

Ndevu zikajibandika zenyewe.

"Taratibu," ilinong'ona sauti sikioni mwake. "Utanichubua."

Edgar aligeuka. Hapakuwa na mtu. Hakukimbia. Alilivaa joho, akafunga vifungo vyote.

"Pazia likifunguka," alikijibu chumba kitupu, "nitakuwa mimi."

Ukumbi ulijaa. Sehemu mbili za mwanzo za mchezo zilikwenda vizuri. Ikafika ya tatu, pale jaji anapomhukumu mwanawe. Edgar akafumbua kinywa.

Sauti iliyotoka haikuwa yake.

Ilikuwa nene, yenye mikwaruzo, kama jiwe linaloburutwa juu ya jiwe. Bibi mmoja wa safu ya mbele alisimama, akajiziba mdomo.

"Vosper!" alilia. "Mungu wangu, ni Vosper!"

Edgar alijaribu kunyamaza. Midomo ikaendelea kusema. Chini ya gundi alihisi nywele zikipenya ngozi, moja moja, zikitafuta mzizi. Kisha mnong'ono, safari hii ndani ya kinywa chake mwenyewe:

"Wewe ni mtumishi tu... Umezoea kufungua milango. Nifungulie."

Hapo hofu ilimtoka, ikaingia hasira. Maisha yake yote watu walikuwa wakimpita mlangoni bila kumtazama. Na maiti naye?

Alizishika ndevu kwa mikono miwili.

Akavuta.

Ngozi ilichanika. Damu ilimchuruzika shingoni. Alizitupa chini, akavua wigi la jaji, akajifuta rangi ya usoni kwa joho, akasimama mbele ya taa na uso wake mtupu, ule ambao hakuna mtazamaji aliyewahi kuuona.

"Mlango umefungwa," alisema kimoyomoyo.

Kisha akayasema maneno ya jaji kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, yenye lafudhi ya sokoni alikozaliwa: "Kiti hiki ni changu, na siinuki mpaka niseme!"

Mwigizaji aliyeigiza kama mwanawe alirudi nyuma. Hakuwa akimtazama Edgar. Alikuwa akitazama sakafuni, ambako zile ndevu zilikuwa zikijikunja na kujikunjua.

Makofi yalitikisa dari.

Pazia liliposhuka, Bi Hester aliziokota kwa koleo, akazitia motoni. Alirudi mweupe kama chaki.

"Nywele zikiungua zinanuka nywele," alisema. "Hizi zimenuka nyama."

Jina la Edgar likavuma. Watu wa filamu wakamwita London, akaigiza askari, walevi, mababu wakorofi, daima kwa uso wake, na kovu kidevuni. Filamu, zilizokuwa bubu, zilipoanza kuongea, wengi waliachwa, ila yeye aliitwa tena.

Siku ya kwanza tu, fundi wa kunasa sauti alimsogelea, uso umesawijika.

"Mzee Thripp, samahani. Ulipokuwa ukisema, ulikuwa peke yako pale?"

"Umeona mwingine?"

"Sikuona." Fundi aliigeukia mashine yake. "Ila chini ya sauti yako kuna mtu anapumua. Na kila sentensi... anaianza kabla yako kidogo."

Edgar akavuta kiti, akaketi katikati ya zile taa kali, akakunja nne.

"Anaianza," alisema. "Anaimaliza nani?"

"Wewe, mzee."

"Basi washa mashine."