Tundu Dogo Kwenye Bomba

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, Kiherehere alifuta kioo cha tangi la samaki. Jina hilo alipewa na Bibi yake, kwa kuwa mtoto huyo hakujua kungoja. Ukimwambia jambo, mikono imeshafika kabla ya masikio. Lakini kazi ya kufuta kioo alipewa na Babu, na tangu Babu afariki hakuiacha. Ndani ya tangi aliishi samaki mmoja tu, wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Babu alimwita Bwana Harusi, kwa jinsi alivyovaa.

Bwana Harusi alikuwa samaki wa maji ya chumvi, na samaki wa namna hiyo hataki mchezo. Zamani Babu alikuwa na chujio lake la ndoo chini ya meza, na maji yalinong'ona sebuleni mchana kutwa. Babu alipougua, ndoo ilipasuka, na haikutengenezwa tena. Sasa maji yalikuwa na ukungu, samaki alikula kwa kujilazimisha, na Bibi alikaa kwenye kiti chake akimtazama. Alimkumbuka mumewe, na nyumba ilikuwa kimya mno.

"Tutamjengea tangi la chini," alisema Shangazi, bintiye Babu, ambaye alikuwa fundi bomba. "Juu anakaa bwana mkubwa, chini wanakaa wafanyakazi."

Jumamosi nzima walifanya kazi. Walichukua tangi kuukuu la kioo, wakaligawa vyumba vitatu kwa vipande vya kioo na gundi ya silikoni. Maji machafu yalishuka kwa bomba hadi chumba cha kwanza, yakapita kwenye sponji. Chumba cha kati walipanda mwani chini ya taa, maana mwani hula uchafu unaomdhuru samaki, tena hunawiri kwa uchafu huo huo. Chumba cha mwisho waliweka pampu ya kuyarudisha maji juu. Kiherehere alishika, alipima, na aliuliza mpaka Shangazi akamtuma dukani ili apumzike kidogo.

Kiherehere alipokuwa dukani, Shangazi alitoboa tundu dogo kwenye bomba la kurudisha maji, mahali linapoingia tangi la juu. Pampu ilipowashwa, tundu lilitema maji, chi, chi, chi. Bibi aligeuza shingo akasikiliza.

Maji yakawa meupe pe, na Bwana Harusi akaanza kuringa kama zamani. Tatizo lilikuwa lile tundu. Matone yake yalirukia kioo, yakikauka yanaacha madoa ya chumvi, na anayefuta ni nani? Kiherehere alichoka. "Kumbe hata fundi hukosea," alijisemea. Alivunja kijiti cha kuchokolea meno, akakisokomeza kwenye tundu. Kijiti kililowa, kikavimba, na sauti ikakoma.

"Mbona maji yamenyamaza?" Bibi aliuliza jioni.

"Yameizoea nyumba, Bibi," alijibu Kiherehere, akajiona mjanja.

Siku iliyofuata umeme ulikatika mchana. Kiherehere aliporudi kutoka shuleni alikuta maji hadi kizingitini. Bibi alikuwa amepiga magoti sebuleni, anakamua tambara kwenye ndoo.

"Nani alisema yakimwagika hayazoleki?" alisema Bibi. "Mimi nayazoa tangu saa saba."

Lakini hakuwa akicheka. Tangi la juu lilikuwa limebaki na maji kidogo tu, na Bwana Harusi alikuwa amelala ubavu, akihema.

Shangazi alikuja na mkoba wake wa vifaa. Kwanza alichota maji safi kutoka tangi la chini, akayarudisha juu kwa ndoo hadi samaki akasimama wima. Kisha alipapasa kila kiungo, gundi yote ilikuwa nzima. Alikaa chini, suruali ikalowa.

"Mama, kosa ni langu," alisema taratibu. "Sijui nimeharibu wapi, na siwezi kukuachia maji na umeme pamoja ndani ya nyumba. Tuvunje yote. Samaki tumpeleke kwa muuza samaki wa mapambo, atamtunza."

Bibi alikunja tambara. "Kama ni hivyo, sawa, mwanangu," alisema.

Kiherehere alilitazama bomba. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini alimwona Bibi akilisogelea tangi kumuaga samaki wa Babu, na hakuweza kuvumilia.

"Shangazi, usivunje. Ni mimi. Niliziba lile tundu."

Shangazi alichungulia, akachomoa kijiti, akakiinua kwenye mwanga. "Umeme ukikatika, bomba hili hugeuka mrija, linanyonya maji ya juu na kuyashusha hadi tangi la chini linafurika," alisema. "Tundu huingiza hewa, na hewa ikiingia maji husimama. Ukiliziba, bomba halina wa kulizuia."

"Nilidhani umekosea."

"Ungeniuliza." Kisha Shangazi akaanza kucheka. "Mama, unalikumbuka zulia la kijani?"

"Nitalisahauje? Ulililowesha lote kwa maji ya tangi ukiwa na umri wa huyu."

"Ndiyo siku Baba aliponifundisha kutoboa tundu."

Umeme uliporudi, Shangazi alimwita Kiherehere azime pampu kwa mkono wake mwenyewe. Maji yalishuka kidogo, tundu likavuta hewa, fyuu, na yote yakatulia. Hakuna tone lililogusa sakafu.

"Kuuliza si ujinga," Shangazi alimwambia. "Ukiona kitu hujui kazi yake, uliza kabla hujakigusa. Na ukikosea, sema upesi, kama leo. Ungechelewa kidogo, tungevunja kitu kizima na kumpoteza samaki."

"Nisamehe, Bibi. Nilikudanganya pia."

"Nimekusamehe. Sasa washa," alisema Bibi.

Kiherehere aliwasha. Chi, chi, chi. Bibi aliegemea kiti chake, akafumba macho.

"Ndivyo maji yalivyokuwa yakilia wakati wa Babu yako," alisema. "Ulipoyanyamazisha jana, nilidhani masikio yangu yamezeeka."

Asubuhi, madoa ya chumvi yalikuwa yamerudi kwenye kioo. Kiherehere alichukua kitambaa, akayafuta moja moja, chai yake ikapoa mezani.