Chafya Isiyo na Mwenyewe

Aliyepiga chafya hakuonekana. Sebuleni, huko Boito, walikuwa wawili tu, Chepngeno na nyanya yake Kogo Janeffer, na kila mmoja alimtazama mwenzake akidhani ni yeye.

Kosa lilikuwa la Chepngeno, tusimfiche. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akiandika utafiti kuhusu majina ya Wakipsigis pamoja na mwenzake Akello, aliyekaa hosteli mjini Kericho. Msichana wa mpangilio huyo, wacha tu! Kila somo lilikuwa na folda yake mtandaoni, na utafiti wote ulikaa kwenye hati moja ambayo wote wawili waliweza kuiandika kwa pamoja, kila mtu akiwa kwake. Siku hiyo aliwasha ile sehemu ya hati inayogeuza sauti kuwa maandishi, akamwomba Kogo aonyeshe kurenet, yaani vile wanawake humwitia mtoto mchanga majina ya wafu huku wakimnusisha ugoro. Jina atakalolipigia chafya ndilo la roho iliyomrudia.

Kogo alikataa. Nyumba haina mtoto, alisema, sasa wakiitwa wamwingie nani? Chepngeno akambembeleza kwamba ni ya shule tu. Basi mama wa watu akaita, majina yakajiandika kwenye skrini, mpaka ulimi ukamteleza akamtaja Tapkigen. Hapo chafya ikasikika, nzito, ya mtu mzima, karibu kabisa na laptopu.

Kogo alieleza kwa sauti ya chini kwamba Tapkigen alikuwa mke mwenza wa nyanya yake yeye Kogo, mwanamke aliyeua watoto wa wenzake kwa jicho baya. Tangu afe hakuna boma lililokubali kumwita. Alikuwa amengoja kuitwa miaka hiyo yote.

Haukupita muda Akello akapiga simu akiuliza huyo mtu wa tatu ni nani, maana hati ilionyesha wao wawili na mwingine asiye na jina, na sura ya kwanza ilikuwa ikifutika herufi kwa herufi akiiangalia. Chepngeno alirudisha toleo la kabla hati haijaanza kufutika. Likafutwa. Alibadilisha nywila, akamfungia nje kila mtu isipokuwa Akello. Wapi! Kila aya iliyofutika iliacha neno moja tu, Tapkigen. Na kila alipoigusa laptopu, harufu ya ugoro ilijaa sebuleni na pua ikaanza kumwasha.

"Usipige chafya," Kogo alimnong'onezea. "Ukipiga, umemkubali. Atakaa ndani yako."

Kazi ilitakiwa kabla ya jua kutua. Chepngeno alikuwa amesharudia mwaka mmoja kwa sababu ya ugonjwa, na chuo kilimwambia wazi kwamba safari hii asipoleta utafiti arudi nyumbani moja kwa moja. Kogo alimsihi afute hati yote, waite watu wa kanisa waombe. Msichana aliogopa, lakini hasira ilikuwa imempanda kupita woga.

"Hii ni kazi yangu, Kogo. Sifuti. Afute yeye mpaka achoke."

Akabana pua kwa kibanio cha nguo, akaketi. Nje ukungu ulikuwa umeteremka kutoka msitu wa Mau ukafunika majani chai yote mpaka dirishani, na ndani Chepngeno aliandika, na alichoandika kikafutwa, akaandika tena, na Akello huko Kericho akajaza upande wake huku akiomba kwa sauti kwenye simu, na harufu ikazidi, na pumzi ya mtu, baridi, yenye kukwaruza, ikamgusa shingoni, ikapanda polepole hadi sikioni, na kutoka kwenye laptopu sauti ya kikongwe ikaanza kulitaja lile jina, Tapkigen, Tapkigen, kwa upole, vile mtoto mchanga huitwa, na kibanio kikafyatuka chenyewe kikaanguka sakafuni, na chafya ikaanza kupanda isiyoweza kuzuilika tena.

Machozi yakamtoka. Alimshika Kogo mkono.

"Niite mimi," alisema kwa shida. "Jina langu la utoto. Niite sasa."

Kogo akaelewa. Akasimama, mwanamke mzee wa magoti mabovu, akapaza sauti juu ya ile nyingine, akamwita Taplelei, yule bibi ambaye Chepngeno alimpigia chafya akiwa mchanga. Laptopu ikaita Tapkigen kwa ukali. Kogo akaita Taplelei. Chepngeno alijiziba kinywa kwa viganja, akangoja mpaka Kogo alipolitamka jina hilo tena, peke yake, ndipo akaiachilia chafya kwa nguvu zake zote mpaka vikombe vikalia kabatini.

Harufu ikakatika. Kwenye skrini wakabaki waandishi wawili. Alirudisha toleo lile kwa mara nyingine, na hakuna aliyeligusa. Akaongeza zile aya zilizobaki, Akello akazisoma, akasema ziko sawa.

Lakini kati ya majina ya Kogo, Tapkigen alikuwa bado ameandikwa pale. Kogo alimwomba asimguse, wasije wakamwamsha. Chepngeno alikuwa ameshalichagua jina, kidole kiko juu ya kitufe.

"Sasa futika wewe," akamwambia, akabonyeza, kisha akatuma kazi.