Nilimpakia Mume Wangu Bahari Sebuleni, Akaikimbia Nyumba

"Nani amekupa hii picha?!"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya mume wangu baada ya wiki tatu safarini.

Hakuna salamu. Hakuna "mke wangu nimekukumbuka". Begi lilimponyoka mkononi, akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, na uso umempauka.

Na mimi, jamani, nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, gauni jipya, meno thelathini na mawili nje, nasubiri kukumbatiwa!

"Nimekuuliza, nani?"

"Wifi... dada yako ndiye aliyeleta..."

Akatazama kuta. Akatazama zulia. Kisha akarudi kwenye ile picha.

"Zima hiyo sauti."

"Ni mawimbi tu, mume wangu, ya kutuliza..."

"ZIMA!"

Miaka sita ya ndoa, sijawahi kusikia sauti yake ikipanda hivyo. Nikakimbilia spika, nabonyeza hapa, nabonyeza pale, mawimbi ndiyo kwanza yanazidi. Mpaka nafanikiwa kuizima na kugeuka...

Mlango uko wazi. Begi liko palepale. Mume hayupo.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana nawajua, mshaanza kunihukumu.

Kazi yangu ni kupamba nyumba za watu. Wateja wananiita Dada Brashi. Mume wangu ni fundi wa lifti, mtu mpole, mkimya kupita kiasi, na usingizi wake siku zote ni wa mang'amung'amu. Daktari alimwambia atafute mahali pa kutuliza akili.

Nikasema moyoni, mahali gani tena, na mkewe ndiye fundi? Akisafiri tu, namtengenezea sebule ambayo akiketi dakika tano, anasinzia!

Sasa sikilizeni kosa langu.

Kazini sishiki brashi kabla sijakaa na mwenye nyumba na kumuuliza, "Kitu gani hutaki kukiona ukirudi nyumbani?" Kuna mama mmoja aliniambia hataki saa ukutani. Kuna mzee alisema kila kitu sawa, ila kijani hapana. Huwa siulizi sababu. Naandika kwenye daftari, basi, na sijawahi kuharibu nyumba ya mtu.

Mume wangu sikumuuliza. Nilitaka kumshtukiza! Kiherehere changu kikanipeleka kwa dada yake.

Huyu wifi, mdogo wao wa mwisho, hatukuwa tunapikika chungu kimoja. Kwangu alikuwa anakuja kwa misiba tu. Kwa hiyo alivyonichangamkia siku ile, nikafurahi kama mjinga.

"Wifi, kaka anapenda bahari we acha tu," akasema. "Tulikulia ufukweni. Hajakwambia?"

"Hajawahi hata kutaja!"

"Ndivyo alivyo. Mtengenezee bahari humo ndani. Atatoa machozi."

Asikwambie mtu, tuliifanya ile kazi! Kuta tatu bluu iliyopauka, ya nne rangi ya mchanga. Mapazia meupe mepesi, upepo ukiingia yanapumua. Zulia la mkonge. Bakuli la kioo limejaa simbi za baharini. Makochi niliyavalisha vitambaa vyeupe. Wifi alikuwa ananishikia ngazi, ananitania.

"Wifi, na wewe leo umepakwa rangi kuliko ukuta!"

Siku ya mwisho akaja na picha kubwa, imeshawekewa fremu. Ufukwe mtupu, mawe mawili meusi, maji yametulia.

"Huu ndio ufukwe wetu," akasema. "Itundike mbele ya kiti chake. Aione kila akikaa."

Mimi huyo, nyundo na msumari.

Basi, baada ya mume kutoka, nikapiga simu yake. Inaita, haipokelewi. Nikapiga mara kumi. Nikampigia wifi huku nalia.

"Wifi, kaka yako ameondoka! Kuna nini kwenye ile picha?"

Nikasikia anavuta kiti, anakaa.

"Wifi!"

"Kwa hiyo ameiona," akasema taratibu.

"Ameona nini?"

"Mahali alipomuua ndugu yetu."

Nilikaa chini.

"Tulikuwa watatu," akaendelea. "Yeye kumi na tatu, wa katikati minane, mimi minne. Mama alimwambia, waangalie wenzako. Yeye akaenda kucheza. Huyo wa katikati akazama. Mama yangu amekufa hamtazami kaka usoni, unajua hilo? Leo ana mke, ana nyumba, na anataka sebule ya kupumzikia? Hapana! Na yeye aitazame."

"Umenitumia mimi kumuumiza mume wangu?"

"Rangi umepaka wewe, wifi."

Akakata simu.

Siku tatu, ndugu zangu. Siku tatu nimekaa kwenye lile zulia, sijui nifanye nini. Nilipiga simu kwa kila mtu anayemjua. Hakuna aliyemwona. Nilishusha ile picha, nikageuza uso wake ukutani, lakini kuta zenyewe ningezificha wapi? Kila nilipogeuka naona kazi ya mikono yangu.

Jumanne asubuhi fundi mwenzake akanihurumia. "Shemeji, yuko karakana. Analala stoo. Usimwambie nimekwambia."

Nikamkuta ameketi juu ya kreti, anapaka grisi mota ambayo tayari ilikuwa imejaa grisi. Amekonda kwa siku tatu tu.

"Nisamehe," nikasema. "Sikujua. Wifi ameniambia yote."

Hakuinua kichwa.

"Amekwambia anachokijua."

"Kuna kingine?"

Akafuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Maji yalichukua kiatu cha wifi yako," akasema. "Kiatu kimoja cha plastiki. Akaanza kulia, anamwambia kaka yake wa katikati, nataka kiatu changu, nataka kiatu changu! Na yule mdogo wangu wa kiume kwa huyu dada yake alikuwa hajiwezi. Akaingia majini. Mimi nilikuwa hatua ishirini, nakunja nguo zetu. Nilikimbia, nikaogelea, nikanyoosha mkono mpaka nikashika kitu..."

Akakitazama kiganja chake.

"Nilishika kiatu."

Nilitaka kumgusa, nikaogopa.

"Na mama ulimwambia nini?"

"Nilimwambia nilikuwa nacheza, sikuwaangalia."

"Kwa nini?!"

"Dada yangu alikuwa na miaka minne! Mama alikuwa kama mtu aliyepandwa na wazimu, anauliza ni nani, ni nani, lazima awepo mtu. Ningesema ni huyu hapa? Angekuaje na jambo kama hilo?"

"Lakini sasa ni mtu mzima! Anakuchukia! Ameninunia miaka sita kwa kosa lake mwenyewe!"

"Si kosa lake. Alikuwa mtoto."

"Basi namwambia mimi!"

Ndipo akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu arudi safari.

"Ukimwambia, sirudi nyumbani. Nimelibeba miaka thelathini. Usinifanye niwe nimelibeba bure."

Mngekuwa ninyi mngemjibu nini? Nikaapa sitamwambia.

Jumatano na Alhamisi nilipaka upya sebule nzima, rangi ya maziwa, mikono miwili, yaani safu juu ya safu, mpaka bluu ikafa kabisa. Ijumaa mume wangu akarudi. Akaketi, akala, akaniambia asante.

Jumamosi saa nne asubuhi, hodi mlangoni. Wifi!

Akaingia bila kukaribishwa, akazungusha macho.

"Kumbe hata wiki hakuiweza."

Mume wangu alikuwa chumbani. Mlango haukufungwa vizuri, na najua anasikia.

"Amekueleza alichofanya?" wifi akauliza. "Au ameruka?"

Jamani, ulimi uliniwasha! Maneno manne tu yalitosha. Alifuata kiatu chako, wifi. Manne tu, na huyu mwanamke asingeinua kichwa tena maishani mwake. Yalifika mpaka kwenye meno.

Chumbani kitanda kikalia kidogo. Mume wangu akajikohoza.

"Ameniambia," nikasema.

"Amesemaje?"

"Amesema alikuwa anacheza. Hakuwaangalia."

Nilidhani atanicheka. Badala yake akanidondokea begani, akalia kwa sauti, kilio cha mtoto mdogo. "Angalau amekubali," anarudia, "angalau amekubali." Na mimi nikawa nampigapiga mgongo mtu aliyeivunja nyumba yangu, huku namthibitishia uongo.

Wifi mitandao hii hana, na mambo mawili matatu nimeyageuza, kwa hiyo msianze kumtafuta.

Ninalotaka mjifunze ni hili. Ukiona mtu ametupiwa lawama miaka nenda rudi na hajitetei, usikimbilie kusema ni kweli. Huenda kuna mtu anayemkinga, na huyo anayekingwa ndiye anayepiga kelele kuliko wote.

Wifi siku hizi anakuja kila Jumamosi. Anasema nimemsaidia kupona. Ananishika mkono, anamsema kaka yake, na mimi naitikia.