Funga, Elisée

Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini, na kituo cha basi pale Braamfontein, Johannesburg, kilikuwa kimefurika. Wanafunzi na mabegi, makarani na viatu vyao vya kubana, kila mtu anasukuma apate pa kusimama. Héritière, fundi cherehani wa Jeppestown, alikuwa na furushi la vitenge begani na gauni la kijani lililomkaa hasa, na macho yake yalikuwa yanakagua nguo za watu kama kawaida yake. Mbele yake kijana mrefu wa trakisuti ya njano alimaliza kuongea Kiswahili cha Bukavu kwenye simu, akainama kufunga kamba za viatu. Chwaaa! Suruali ikapasuka nyuma, kutoka kiunoni kushuka.

"Kaka," Héritière alimnong'oneza, "usigeuke. Na usiinuke haraka."

"Kwani kuna nini?"

"Suruali imekusaliti."

Kijana akapapasa nyuma. "Eish! Mama yangu weee!"

Héritière alichomoa kitenge chenye kasuku wekundu, akamzungushia kiunoni na kukifunga kama anamvalisha bibi harusi. Watu walicheka hadi basi likafika. "Utanirudishia kesho," alimwambia. "Jeppestown, jengo la mafundi nguo, uliza Héritière."

"Na nisiporudisha?"

"Nitajua kwamba suruali zako zote zimepasuka."

Kesho yake alikuja, mikono mitupu. Amekisahau. Kesho kutwa akaja tena, amekisahau tena. Jocelyne, mwenzake Héritière wa cherehani ya pili, ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Shemeji, kitenge kiko wapi?"

"Nikikirudisha," alisema yule kijana akijikuna nyusi, "nitakuja tena hapa kwa sababu gani?"

Basi, mambo yakaanza hapo. Jina lake Elisée, amekulia Turffontein nyuma ya uwanja wa mbio za farasi, na kazi yake ni kiungo katika klabu ndogo ya daraja la nne huko Uingereza, katika mji ambao hata Waingereza wenyewe huuliza uko upande gani. Msisikie neno Uingereza mkadhani ana majumba! Huko chini mchezaji husafiri kutwa kwa basi kwenda kupigwa mateke kwenye matope, na kila mwisho wa msimu hukaa roho juu asijue kama mkataba utaongezwa. Likizo yake ilikuwa Juni tu. Desemba, Wakongo wa Johannesburg wanapooana kila wikendi na Héritière anashona magauni ya harusi za watu hadi vidole vinavimba, ndipo Waingereza wanapocheza bila kupumzika. Mapenzi yao yakaishi kwenye simu.

"Mmefika?"

"Bado tuko barabarani, chérie. Mvua. Kocha amelala mdomo wazi."

"Umekula?"

"Maharage ya kopo."

"Masikini mume wangu."

"Rudia hilo neno la mwisho."

"Thubutu! Litolee mahari kwanza."

Alikata simu akicheka, kisha akaishika mkononi muda mrefu huku cherehani imesimama. Alimtamani, jamani. Alitamani hata zile soksi zake zenye harufu. Miaka ilikuwa inakwenda, wasichana waliokuja kwake kupimwa magauni walirudi na watoto mgongoni, na yeye bado anaulizwa, "Na wako lini?"

Papa yake, mzee wa kanisa asiyejua mpira, hakusaidia. Msimu mmoja alisikia Elisée ametolewa kwa mkopo kwenda klabu nyingine, akasukuma sahani. "Mtu anayeazimwa kama jembe, atamtunza nani?" Héritière alieleza, akaeleza tena, mzee akatikisa kichwa tu.

Hatimaye familia mbili zikakubaliana. Siku ya Elisée kujitambulisha kwa papa na kutoa mahari itakuwa Jumamosi moja katikati ya Mei, ligi ikiwa imekwisha. Klabu ilikuwa katikati ya msimamo, haipandi wala haishuki, hivyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Lakini wakaanza kushinda. Wakashinda tena. Ikabaki mechi ya mwisho, wakishinda wanaingia mchujo wa kupanda daraja, na marudiano ya mchujo huo yanaangukia Jumamosi ileile. Héritière aliiangalia kwenye simu, akiomba sare kimoyomoyo. Dakika zikielekea mwisho mpira ukadondoka nje ya boksi, Elisée akaupiga bila kuutuliza. Wavuni! Jengo zima la mafundi likapiga vigelegele, maana huyu ni shemeji yao. Héritière akakaa chini. Kwenye simu Elisée alikuwa anakimbia, mikono ametandaza, anacheka.

Hazikupita dakika nyingi akapiga.

"Umeona, Héri? Umeona lile goli?"

"Nimeliona."

"Mbona sauti hivyo?"

"Jumamosi ya kujitambulisha uko wapi, Elisée?"

"Ee Mungu wangu."

"Hukukumbuka hata kidogo."

"Mpira ulinijia mguuni! Ningefanya nini?"

"Ungekosa."

"Jisikie unavyosema!"

"Umekosa mangapi maishani? Hilo moja tu ndilo lililokushinda kukosa?"

"Mimi kiungo, Héri. Magoli yangu yanahesabika kwa vidole. Na weye unataka..."

"Mimi nataka mume. Nimekuona unakimbia unacheka. Nirudishie kitenge changu."

Akakata. Elisée alipiga siku hiyo na siku zilizofuata. Héritière aliiangalia simu ikitetemeka juu ya meza kati ya mikasi na uzi hadi ikanyamaza. Alimkumbuka, lakini kiburi nacho kilikuwa kimekaa palepale.

Papa yake alikataa kuahirisha. Wageni wamealikwa, mbuzi amenunuliwa. Jumamosi ikafika, nyumba ya papa, nayo iko Turffontein, ikajaa. Mzee Évariste, amu yake Elisée na msemaji wa familia yao, aliingia na kreti za soda, mabunda ya vitenge, na picha kubwa ya Elisée ya fremu, amevaa jezi. Akaiegemeza kwenye kiti cha bwana harusi.

"Ni nini hii?" aliuliza papa.

"Ndiye yeye, mzee mwenzangu. Mwili uko kazini, lakini sura tumeileta."

"Mimi namwoza binti yangu kwa mtu, siyo kwa picha. Kwetu binti anaulizwa, 'Unamjua huyu?' na huyo awe amesimama hapa. Kuleni, mnywe. Swali langu sitaliuliza leo."

Wakala bugali na sombe ya majani ya muhogo, aibu imetanda. Kisha mmoja akawasha televisheni sauti ya chini, na kufumba na kufumbua ukoo mzima umegeuza viti. Héritière alikuwa jikoni, gauni la dhahabu alilojishonea mwenyewe likimbana mbavu, anaosha vyombo ambavyo hakuna aliyemtuma kuviosha. Aliposikia "penalti," akatoka, mikono ina povu.

Mechi ilikuwa imefika kwenye mikwaju. Mpigaji wa mwisho: Elisée.

"Akikosa, yamekwisha," alieleza mzee Évariste. "Akifunga, wanaendelea. Wakipanda daraja wamemwahidi miaka miwili mingine."

Miaka miwili! Héritière akaegemea mlango. Kosa, alisema moyoni. Kosa, uje nyumbani. Kamera ikamsogelea Elisée. Alikuwa amekonda. Aliuweka mpira chini, akasimama, akajikuna nyusi kama siku ile alipokuja mikono mitupu, kama anavyofanya kila akiogopa. Héritière akasikia sauti inatoka tumboni kwake, kubwa, mbele ya wakwe na wazee wa kanisa.

"Funga, Elisée! Funga, mpenzi wangu!"

Mpira ukagonga mwamba, ukapaa kwa mashabiki. Elisée akapiga magoti. Héritière akalia kwa sauti katika gauni lake la dhahabu, na papa yake, aliyekuwa amemwaga soda kwa mshtuko, akamtazama binti yake.

Alimpigia, simu ya Elisée ilikuwa imezimwa. Klabu ikamwacha, habari zikamfikia Héritière kupitia watu wengine. Juni ikaingia na baridi yake, na asubuhi moja mlango wa karakana ukafunguliwa. Trakisuti ileile ya njano, mpasuko umeshonwa. Mkononi, kitenge cha kasuku wekundu, kimepigwa pasi.

"Nimekuletea chako," alisema Elisée. "Umepata ulichotaka, Héri. Nilikosa."

"Ulikosa makusudi?"

"Hapana! Nilipiga kwa nguvu zangu zote."

"Afadhali. Ningekuchukia."

"Si weye uliyesema nikose?"

Jocelyne akasimamisha cherehani yake. "Shemeji, huyu alipiga kelele 'funga' mpaka papa yake akamwaga soda. Turffontein nzima ilisikia. Uliza yeyote."

Elisée akakaa kwenye rundo la vitambaa, akaficha uso ndani ya kile kitenge. Alilia kama mtu aliyebana tangu siku ile. Héritière akapiga magoti, akamshika kichwa.

"Kuna klabu nyingine," alisema Elisée baadaye, pua imeziba. "Ndogo zaidi. Mwaka mmoja, naanza Julai. Ukisema nisiende, siendi."

Hapo ndipo Héritière alipotaka kusema baki. Neno lilikuwa mdomoni. Akaligusa goti la Elisée, lenye makovu chini ya trakisuti, akavuta pumzi.

"Nenda. Lakini kwanza uje kwa papa, usimame kwa miguu yako."

Alikuja Jumamosi, suti imeshonwa Jeppestown, mshono wa nyuma umepigwa mara mbili kwa tahadhari. Picha ya fremu ilibaki kwa mzee Évariste. Papa akanyanyuka.

"Binti yangu, unamjua mtu huyu?"

Héritière alimtazama Elisée aliyesimama kwa woga, mkono unaelekea nyusi. Wiki chache tu na ataondoka tena, na Desemba itamkuta tena kwenye cherehani na simu.

"Namjua, papa. Ndiye yule aliyekosa penalti."

Nyumba ikaangua kicheko. Elisée naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mpira ule ugonge mwamba, akacheka hadi akashika kiti.

"Basi tupokee mahari?" aliuliza papa.

"Pokeeni," alisema Héritière. "Mume wangu ana safari."